Chungu na Kibaba: Uangalifu wa Chakula katika Ngara na Biharamulo

Mara nyingi tunapoandika habari za utamaduni wa taifa, kalamu zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na habari za watemi. Mambo hayo yanastahili heshima yake, na mimi niliyetumia sehemu kubwa ya ujana wangu katika kutunga mashairi sina haki ya kuyadharau. Walakini iko elimu nyingine iliyowalisha watunzi na wacheza ngoma tangu kale, nayo hatujaiandikia vya kutosha, labda kwa sababu wenye elimu hiyo ni wanawake na darasa lake ni jikoni penye moshi. Nakusudia elimu ya kukifikisha chakula kidogo mwisho wa msimu, na ya kupika chakula cha kushibisha bila kutoa senti mfukoni. Nitaieleza kwa mfano wa wilaya mbili ninazozijua, Ngara na Biharamulo, zilizoko kusini mwa Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi.

Yafaa kwanza msomaji aione nchi yenyewe. Ngara ni nchi ya vilima, imepakana na Burundi upande wa magharibi na Rwanda ng'ambo ya mto Kagera. Ndani yake mna Bugufi, wanakokaa Wahangaza, ambao lugha yao i karibu sana na Kirundi kwa kuwa Bugufi ilikuwa sehemu ya milki ya Urundi kabla wakoloni hawajachora mipaka. Na mna Busubi, nchi ya Washubi. Biharamulo iko mashariki, ina mapori makubwa, na kwa miaka mingi mbung'o walikuwa na sauti kuliko watu katika kuamua nani akae wapi. Zamani wilaya hiyo ilifika hadi kwenye maji ya Ziwa Viktoria, lakini Chato ilipotengwa kuwa wilaya yake yenyewe, kisha mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita, ufuko wa ziwa ulikwenda nayo. Kwa hiyo mwenyeji wa Ngara alikula ndizi na maharage, na mwenyeji wa Biharamulo alikula zaidi muhogo, mtama na baadaye mahindi, pamoja na dagaa waliotoka ziwani. Majiko yalikuwa mawili, lakini hesabu ilikuwa moja.

Chakula cha Ngara kinachostahili kutajwa kwanza ni ndizi na maharage katika chungu kimoja. Maharage huanza motoni peke yake, maana ndiyo magumu. Yakikaribia kuiva, ndizi zilizomenywa hupangwa juu yake, chumvi hutiwa, kisha chungu hufunikwa kwa majani ya mgomba yaliyolainishwa motoni na kukandamizwa pembeni hata mvuke usipate njia. Kuni hupunguzwa, na chakula humalizikia kwa joto la makaa na la udongo wa chungu chenyewe. Mgeni huona hapo chakula cha kimaskini. Mwenye kupima ataona moto mmoja badala ya miwili, chumvi ya mara moja, na mboga iliyokwisha kuwamo ndani ya chakula. Majani ya mgomba hayanunuliwi, na yakishatumika hurudi shambani yakawa mbolea. Hata maganda ya ndizi hayakutupwa. Yaliliwa na mbuzi, na samadi ya mbuzi ikarudishwa shinani mwa mgomba.

Maharage yenyewe yalipandwa chini ya migomba, mara mbili kwa mwaka, na yaliliwa kwa hatua tatu. Majani machanga yalichumwa kuwa mboga, kwa kiasi, kwa sababu mwenye pupa ya majani hukosa punje. Kisha yaliliwa yakiwa mabichi, ambapo huiva upesi na kula kuni chache. Yaliyobaki yalikaushwa, yakapurwa, yakachanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe, na kuwekwa. Pwani wazee walikuwa na kibaba na pishi za kupimia nafaka, na sote tulifundishwa shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwetu hatukuwa na kibaba; mama yangu alikuwa na kopo la bati lililopindika mdomo. Mimi nimezoea kuhesabu mizani za shairi, naye alihesabu makopo ya maharage tangu mavuno hadi mavuno, na sikumbuki kwamba hesabu yake ilipungua mizani hata moja.

Lisidhaniwe kwamba watu hawa waliishi bila biashara. Wakati John Hanning Speke na James Grant walipopita nchi ya Usui mwaka 1861, mtemi Suwarora aliwadai hongo nzito ya nguo, shanga na waya, hata Speke akajaza kurasa za kitabu chake kwa malalamiko. Na wakati huo huo misafara ya namna hiyo ilinunua chakula njiani kwa shanga na nguo hizo hizo. Wahunzi Warongo wa Biharamulo na nchi ya Wazinza waliyeyusha chuma na kufua majembe ambayo yaliuzwa mbali, hata Unyamwezini. Jembe lilikuwa chombo, tena lilikuwa mali na mahari. Chumvi nayo ilisafiri, na ile ya Uvinza ndiyo iliyojulikana kwa wingi wake katika nchi zote za magharibi. Kitu ambacho jiko halikuweza kukitoa shambani kilikuwa chumvi, na ndiyo maana chumvi ilitumiwa kwa woga. Walioikosa walichuja maji katika majivu ya mimea, wakapikia maji hayo.

Sasa niseme habari za muhogo, ambao nataka kukaa nao zaidi. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na mabaharia wa Kireno, nao ulichukua muda mrefu kufika katika vilima vyetu. Wakoloni waliupenda kwa sababu hauogopi ukame na huweza kungoja ardhini. Katika Tanganyika ya Waingereza kaya zililazimishwa kwa amri kuwa na shamba la muhogo la akiba ya njaa, na Wabelgiji walifanya vivyo hivyo upande wa pili wa mto, hasa baada ya njaa kubwa ya Rwanda ya mwaka 1928 na 1929 iitwayo Rwakayihura, na ile ya mwaka 1943 na 1944 iitwayo Ruzagayura. Njaa hizo ziliwavusha watu mipaka wakitafuta chakula. Wazee wetu walilima muhogo wa bwana shauri kwa kununa, lakini wajukuu zao wakauona kuwa ni mali yao.

Muhogo ni chakula cha bei ndogo kuliko vyote, lakini bei yake iliyobaki hulipwa kwa siku. Ule mchungu, unaopendwa kwa sababu nguruwe mwitu na mwizi huuogopa, una sumu. Lazima umenywe, uvundikwe majini au kwa kurundikwa na kufunikwa hata uchachuke, ukunwe ukungu, uanikwe juani mpaka ukauke kabisa, ndipo utwangwe uwe unga. Kanda ya ziwa huita muhogo wa namna hiyo udaga. Kazi hiyo yote ni ya siku kadhaa, nayo haina njia ya mkato. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara, watu waliokuwa wakila muhogo mchungu walizipunguza siku hizo kwa sababu ya njaa, na baadhi yao wakashikwa ghafla na ugonjwa wa kukakamaa miguu usiopona. Madaktari huuita konzo, jina lililotoka Kongo, ambako ulielezwa kwa maandishi mwaka 1938. Wataalamu wamekwisha kutambua kwamba mwili huiondoa sumu ile kwa msaada wa protini, na kwamba aliyekula muhogo mtupu huwa hatarini zaidi kuliko aliyeula kwa dagaa au maharage.

Hapo msomaji ataona kwa nini mama wa Biharamulo hakukubali kuutenga ugali wa muhogo bila kitoweo, hata kiwe kiganja kimoja cha dagaa katika mchuzi wa karanga. Hakujua neno protini. Alijua kwamba ugali mtupu humdhoofisha mtoto. Mtu akibana matumizi kwa kupunguza kuni amebana; akibana kwa kupunguza siku za kuvundika muhogo, au kwa kuondoa dagaa chunguni, amekopa, na deni litadaiwa miguuni mwa watoto wake.

Fedha iliingia katika nchi hizi kwa mlango wa kodi, ikakaa kwa mlango wa kahawa. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Bugufi kiliandikishwa mwaka 1936, kikiwa miongoni mwa vyama vya mwanzo katika Tanganyika. Fedha ya kahawa ilikuwa ya mume. Ilikwenda kwenye kodi, mabati, ada ya shule, nguo, na, tusifichane, kwenye pombe ya ndizi. Chungu kilikuwa cha mke, naye alitazamiwa akijaze kutoka shambani bila kuomba. Nimesoma makala kadhaa zinazousifu uangalifu wa mwanamke wa kijijini kana kwamba ni tabia aliyozaliwa nayo. Mimi naona kwamba alikuwa mwangalifu kwa sababu hakupewa kitu kingine cha kuwa nacho. Senti zake zilikuwa zile za kibakuli cha maharage au mkungu mmoja uliouzwa gulioni, na kutoka humo alitoa chumvi, kiberiti na mafuta ya taa ya nyumba nzima.

Baada ya ukame wa mwaka 1973 na 1974, Taifa lilipolazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, Serikali ilianzisha kampeni za kilimo na chakula. Ile iliyogusa jiko moja kwa moja ni Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea kama ilivyofanywa Mtu ni Afya mwaka 1973. Kabla ya hapo, mradi wa kisomo chenye manufaa uliokuwa na makao yake Mwanza ulikuwa umekwisha kuleta katika mikoa ya ziwa vitabu vya kusomea vilivyozungumzia pamba, migomba na mambo ya nyumbani. Kampeni hizi zilifanya mema mengi. Zilikubali hadharani kwamba kupika ni maarifa. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba zilimfundisha mwanamke ale nini bila kumuuliza nani anauza mayai na fedha yake inakwenda wapi.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa vita vya Kagera vilipokwisha. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu mwaka 1978, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda duniani kote, na gharama za vita zilikuwa zimekausha hazina. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile ilizaa mingine, ikawa miaka.

Nakumbuka jinsi chumvi ilivyoyeyushwa katika chupa ya maji, ikatiwa katika mboga kwa kijiko, ili punje isianguke na kupotea. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi kuwa vipande vidogo, na nguo za kushindia zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Kiberiti kilipokosekana, mimi ndimi niliyetumwa kwa jirani na kigae cha chungu kuazima kaa la moto, nikarudi nalo mbio nikilipuliza. Mafuta ya kupikia yalisahauliwa. Karanga zilizotwangwa zilishika nafasi yake, na ukweli ni kwamba kisamvu hakijapata kuwa kitamu kuliko miaka ile. Badala ya sukari, uji ulitiwa ndizi mbivu, na aliyekuwa na ndugu Biharamulo aliletewa asali ya porini. Bidhaa zilipofika katika duka la kijiji, foleni ilipangwa tangu usiku, wengine wakiweka mawe mahali pao wakarudi kulala.

Walioumia zaidi katika nyumba zetu walikuwa watumishi, yaani walimu, matabibu na makarani, waliokuja na mishahara na bila migomba. Mijini watu walikula unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje, wakauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya timu ile. Mwalimu wa shule yetu alijifunza kulima maharage mwaka ule, na wanafunzi tulimcheka jinsi alivyoshika jembe, hadi alipovuna. Kando ya hayo ulikuwapo mpaka. Kahawa ilivuka usiku, na chumvi na sabuni zikarudi. Magendo yaliwatajirisha wachache na kuwapeleka wengine jela, hasa mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, na rafu za maduka zikaanza kuonekana tena na kitu.

Mtihani mkubwa kuliko huo ulikuja miaka kumi baadaye. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Idadi hiyo ilizidi ile ya wakazi wote wa wilaya wakati ule. Nilikuwa karani kijana, nami nilisimama barabarani nikaona watu waliobeba vyungu, mikeka na mafungu ya maharage. Wengi walikuwa wamechukua chungu wakaacha kila kitu kingine. Kambi ya Benaco ikawa kwa ghafla moja ya makao makubwa ya watu katika Tanzania.

Chakula cha msaada kilikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Mahindi yaliletwa punje nzima kwa watu waliozoea ndizi, viazi na muhogo, tena bila mashine za kutosha za kusaga. Wakayachemsha saa nyingi, na maharage nayo saa nyingi. Hapo ndipo ikaonekana kwamba chakula kilichotolewa bure kina gharama yake, nayo ni kuni. Katika makambi ya mkoa wetu zaidi ya tani 1,000 za kuni zilichomwa kila siku. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, kisha visiki navyo vikang'olewa, na wanawake wakatembea hata kilomita 10 kutafuta mzigo mmoja. Mashirika yaliyohudumia makambi yalifundisha kuloweka maharage usiku, kufunika chungu, kupasua kuni ndogo ndogo na kuzikausha, kuzima moto mara chakula kiivapo, na kujenga majiko ya udongo yenye kuta. Mama yangu hakuwa akiloweka maharage; aliamini kwamba maji ya usiku huondoa utamu. Kuni zilipokuwa haba hata kijijini kwetu, aliloweka, akaonja, akanyamaza. Tangu siku ile hakuacha.

Sokoni nako mambo yaligeuka. Wakimbizi walibadilisha mahindi na mafuta yao kwa ndizi na muhogo wa wenyeji. Aliyekuwa na migomba mingi alipata fedha ambayo hakuwahi kuiona, na aliyekuwa hana alishangaa kuona mkungu umepanda bei kuliko uwezo wake, ingawa mahindi yalikuwa rahisi. Kaya nyingi za Ngara zilizoea ugali wa mahindi katika miaka ile. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini ugali ukabaki.

Ulibaki wakati wake, kwa maana migomba ilikuwa inaelekea kwenye msiba. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa Muleba mwaka 2006 ukaenea katika wilaya jirani, na mgomba ulioshikwa hauna dawa ila kung'olewa na kufukiwa. Muhogo nao ulikuwa umepigwa na batobato. Chakula kilichotoka shambani kwa bure kimepungua, na chungu sasa huingia dukani: unga wa mashine, mafuta ya kupimiwa katika kipakiti, nyanya za fungu, mkaa wa kopo. Nimejaribu kulinganisha mafuta ya vipakiti vya kila siku na yale ya lita moja, nami sikuwahi kuona anayenunua kidogo kidogo akilipa kidogo. Lakini anayepata fedha ya siku moja atanunuaje kwa mwezi?

Nisiache neno lililo gumu kusema katika kitabu cha utamaduni. Utafiti wa afya wa Taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba karibu watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano katika Mkoa wa Kagera wamedumaa. Huu ni mkoa unaosifiwa kwa kijani chake. Ndizi hushibisha tumbo upesi, na tumbo lililoshiba halilii. Tena jungu letu lilikuwa na utaratibu wake wa kupakua: mume kwanza, wageni, watoto, kisha mpishi aliyekomba chungu. Ilikuwapo miiko mkoani iliyomkataza mwanamke mayai na kuku, na kwa Wahaya hata senene alizozikamata na kuzikaanga mwenyewe. Mama yangu alisema hapendi mayai. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipomwona, siku moja akiwa peke yake jikoni kwangu, akila yai la kuchemsha taratibu mpaka likaisha, nikatambua kwamba alikuwa akiyapenda maisha yake yote.

Leo katika magulio ya Rulenge na Nyakahura maharage huuzwa kwa wingi mara baada ya mavuno, yakichukuliwa na malori kwa bei ya chini, na miezi michache baadaye nyumba zile zile hurudi kununua maharage kwa bei ya juu. Kopo la mama yangu bado lipo kwa shemeji yangu, mdomo wake umepindika zaidi. Kila mavuno hulitumia kwa utaratibu aliourithi: hupima kwanza mbegu, kisha chakula cha kufika msimu ujao, kisha sehemu ya wageni na ya misiba. Lori likifika, kinachobaki sakafuni ndicho kinachopakiwa. Mwaka jana ilibaki debe moja na nusu, na fedha yake aliitia katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa jina lake mwenyewe.